Kwenda Butembo na Kamiyo Isiyorudi Nyuma

Ninyi munaokaa kwenye benchi mbele ya depo yangu pale Murara, Goma, kila mumoja ananiuliza kivyake, na kila mumoja ninamujibu nusu, kisha mwingine anafika na ninaanza tena. Nimechoka. Nimeamua kuandika mara moja, mwenye kujua kusoma awasomee wengine. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, lakini kalamu ninaishika, na kamiyo, lori la mizigo, ninayo, wakati waliomaliza shule zote wanakuja kuniomba niwabebe.

Sababu ya safari munaijua kwa uvumi, sasa muijue kwangu. Furaha, mutoto wangu wa kwanza, yule ninayeitwa kwa jina lake, aliniandikia barua tatu kutoka Butembo. Mbili za kwanza sikujibu. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili tu: "Papa, mutoto wangu wa kiume atabatizwa siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi. Kama haukuja, sitaandika tena." Nilimupa jirani anisomee mara ya pili, labda mimi sikuona vizuri. Ilikuwa ile ile.

Miaka miwili nyuma, watu wa Kambale, seremala wa Butembo aliyetaka kumuoa Furaha, walileta mbuzi kumi na mbili kuwa mahari yake. Kwetu Masisi binti anatolewa ng'ombe. Niliwaambia mbuzi ni mboga, wazirudishe. Wakazirudisha. Wiki ile ile Furaha naye akazifuata. Nikasema mbele ya watu kwamba sitakanyaga Butembo mpaka mbuzi zile zigeuke ng'ombe. Munanijua, mimi nikisema nimesema.

Basi nilikwenda. Habari ya karatasi za njia naiacha, inaudhi bure.

Murara mpaka bariyeri ya Rugari

Tulitoka siku ya ine asubuhi, siku tatu kabla ya ubatizo, na mifuko ya sukari na chumvi nyuma, mimi kwenye usukani, Muzee Rukara pembeni. Rukara ni mutu wa Masisi kama mimi, ananizidi umri, na kazi yake ni kale, kile kipande kizito cha muti ambacho anaruka nacho chini na kukisukuma nyuma ya tairi, kamiyo ikisimama mulimani. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa. Maneno aliyonisemesha hayawezi kujaza debe.

Kamiyo yangu munaijua. Munajua pia, ingawa munajifanya hamujui, kwamba vitesi yake, ile gia ya kurudi nyuma, ilikufa miaka mitatu iliyopita. Mekanisiye alitaka kufungua sanduku la vitesi, kamiyo ilale wiki mbili. Nikamwambia kamiyo yangu hailali. Nikabomoa ukuta wa nyuma wa kiwanja na kuweka mulango wa pili, ninaingia huku, ninatokea kule. Watu wa mutaa wa Majengo walikuja kuangalia, wakasema huyu mutu amekuwa tajiri mpaka ana milango miwili. Sikuwasahihisha. Na kusema kweli, mali yangu yote niliipata kwa kwenda mbele. Nilianza na makaa kichwani kutoka Sake, nikapata kinga, baiskeli ya mizigo, kisha kamiyo. Mashofere wanaiita vitesi ile marsharieri, na mujini neno hilo wanalitumia pia kwa mutu aliyemeza maneno yake. Wanasema fulani amepiga marsharieri. Nilikuwa ninacheka nikilisikia, kwa sababu mimi sikuwa nayo ya namna yoyote.

Njia ya mawe ya volkano ilitutikisa mpaka meno. Kabla ya Rugari kuna bariyeri, kamba tu iliyofungwa kwenye miti miwili. Siku ile kamba ilikuwa imelala chini na mwenye kuichunga alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Nikasimama tairi za mbele zimekwisha kuipita. Akaja na mahindi yake.

"Sitwayeni, rudi nyuma ya kamba."

"Haiwezi kurudi."

"Nani hawezi?"

"Kamiyo, Chef."

"Kamiyo gani haiwezi kurudi? Wewe ndiye hautaki."

"Haina vitesi ile. Inua tu kamba, tupite."

"Kamba haiinuliwi mutu akiwa juu yake. Rudi nyuma, nione kamba mbele yako, ndipo niinue."

Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa kile Kifaransa changu, nikaeleza kwa mikono. Alifikiri ninamudharau. Alikaa kwenye jiwe akamaliza mahindi, akaanza mengine. Jua likapanda. Kamiyo mbili nyuma yangu zikaanza kupiga honi, kana kwamba mimi ndiye nilifunga njia kwa kupenda.

Mwisho Rukara akashuka. Akafungua kamba pande zote mbili, akaiburuta kutoka chini ya tumbo la kamiyo, akaenda kuifunga kwenye miti mingine hatua tano mbele yetu. Mwenye bariyeri akaitazama. Kamba mbele, kamiyo nyuma. Akafuta mikono, akaenda, akaiinua.

"Unaona?" akaniambia nikipita. "Ulikuwa unaweza tangu asubuhi."

Nilimwambia Rukara kwamba mimi sikurudi, ni bariyeri ndiyo iliyonifuata. Hakucheka.

Rutshuru

Tulifika tumekufa njaa. Kwenye hoteli moja ndogo karibu na soko niliagiza nyama. Mama mwenye hoteli akasema nyama iko. Tukakaa. Akaleta maji ya kunawa. Tukanawa, tukakaa, mikono ikakauka. Nikauliza. Nyama iko. Saa nzima ikapita, nikasimama kwenda kuona jikoni, na pale mulangoni nikakuta mbuzi imefungwa kwenye muti, inatafuna ganda la ndizi, inanitazama.

"Mama, nyama iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, Papa. Tunangoja mwenye kuchinja."

Nilikula sombe na fufu, na mbuzi ile ikawa inanitazama mpaka nikageuza kiti.

Asubuhi ya siku ya tano mwanamuke mumoja akaomba nimubebe mpaka Kanyabayonga na mifuko yake mitatu ya samaki kavu. Jina lake Mama Kahindo. Akapanda katikati yetu, akaanza kusema, na alisema mpaka mwisho.

"Papa, wanakuita nani?"

"Papa Furaha."

"Jina zuri. Na Furaha mwenyewe?"

"Ameolewa vizuri, Butembo. Ninakwenda kumuona."

"Mutoto mwenye bahati, baba anakuja na kamiyo nzima," akasema. Nikaongeza mwendo ili moteri ipige kelele.

Katika uwanda wa Rwindi, pale ambapo nyati wanavuka njia kama wamelipwa kwa kutembea polepole, mufuko mumoja wa samaki ukaanguka. Hatukusikia. Mama Kahindo ndiye aliyetazama nyuma akaona nyani wanauzunguka.

"Simama, Papa. Rudi."

Nikasimama. Kurudi, nikamwambia, haiwezekani. Alinitazama kama mutu anayengoja sehemu ya pili ya maneno. Alipoelewa, akashuka, akavua viatu, akaenda kwa miguu na Rukara katikati ya nyati kufuata mufuko ule, na mimi nikabaki kwenye usukani kama waziri. Walirudi na nusu mufuko baada ya muda mrefu sana. Tangu pale hakuniita Papa Furaha tena. Alisema "mwenye kamiyo": mwenye kamiyo anaona jua lilipofika? Mwenye kamiyo anajua Kabasha ina saa zake?

Kabasha

Nilikuwa ninajua. Njia ya Kabasha ni mukanda umekatwa kwenye ubavu wa mulima, upande mumoja ukuta, upande wa pili shimo, na kamiyo mbili hazipishani isipokuwa pale ilipopanuliwa. Kwa hiyo asubuhi wanapanda, tangu saa sita wanashuka. Chini kuna muzee anayechunga saa hizo.

"Za kupanda zimekwisha," akasema. "Lala hapa. Kesho utakuwa wa kwanza."

Kesho ilikuwa siku ya posho. Kulala pale ilikuwa kufika Butembo siku ya Mungu saa ya jioni, mutoto amekwisha kubatizwa, na Furaha amekwisha kufunga kalamu yake. Lakini hayo sikumwambia. Nilimwambia hakuna kamiyo inayoshuka.

"Haijafika. Itafika."

"Mimi nitakuwa nimefika juu."

Akainua mabega. Nikapanda.

Katika kona ya tatu nikaikuta, imejaa kabeji na viazi, watu juu ya viazi, inashuka polepole kama mama mwenye mimba. Tukasimama pua kwa pua. Rukara akaruka na kale yake. Shofere wa kule akashuka, muzee mwenye nywele nyeupe, kofia ya sufu. Aliitwa Muzee Kasereka, na alinisalimia vizuri sana, jambo lililoniudhi zaidi.

"Papa, saa hii ni yetu. Rudi mpaka kule ulikopita, njia inapopanuka. Ni hatua mia mbili tu."

Sheria ya Kabasha hata mutoto anaijua. Aliyeingia saa isiyo yake ndiye anayerudi. Nilimwambia kamiyo yangu hairudi. Watu wa juu ya viazi wakacheka. Kijana mumoja akauliza ninailisha nini. Nikajibu kwamba mimi nilipoanza kuendesha kamiyo yeye alikuwa bado anakojoa kitandani, na kwamba wao wenye kuwa wengi wasukume yao kurudi juu. Kusukuma viazi kupanda Kabasha. Nilisema hivyo kweli.

Walishuka, wakakaa kando ya ukuta, wakawasha moto, wakachemsha viazi. Mama Kahindo akaenda kukaa nao, akatoa samaki wake waliookoka nyani, na nikasikia wanacheka, na nikajua wanacheka nini. Mimi nikabaki ndani na Rukara, njaa inatuuma, harufu inaingia dirishani. Jua likaanza kwenda upande wa pili wa mulima.

Muzee Kasereka akaja na viazi viwili kwenye jani.

"Kula, Papa. Kisha uniambie kinachokukimbiza. Mutu hapandi Kabasha saa hii kwa ajili ya sukari na chumvi."

Nikala. Nikamwambia. Mbuzi, barua, ubatizo, yote, na sijui kwa nini nilimwambia mutu nisiyemujua kitu ambacho ninyi marafiki zangu niliwaficha miaka miwili. Alisikiliza, akauliza neno moja.

"Mahari, haukupokea hata kidogo?"

"Hata muguu wa mbuzi."

"Basi kwa desturi mutoto ni wako, si wa Kambale. Baba wa binti asiyetolewa mahari anaweza kubeba mutoto siku yoyote. Wanajua unakuja kufanya nini?"

"Nilikuja kuona ubatizo."

"Hayo unajua wewe," akasema. Kisha akatazama tairi zangu. "Freni ziko?"

"Ziko kidogo."

"Inatosha. Kurudi hapa hakutaki vitesi. Mulima wenyewe utakurudisha. Kinachotakiwa ni watu wa kukuzuia."

Akawaita. Na wale watu niliowatukana wakasimama, kila mumoja akachukua jiwe. Hata Mama Kahindo alichukua lake, kubwa kuliko ya wanaume. Wakajipanga kwa pande mbili za tairi za nyuma, Rukara katikati yao na kale. Kasereka akasimama mahali ambapo ninamusikia lakini simuoni, kwa sababu kioo changu kimoja kiligonga ukuta kwenye kona ya kwanza kikavunjika, na kile kingine kilikuwa kinanionyesha shimo tu.

"Achia freni. Kidogo. Simama."

Mawe yakaingia nyuma ya tairi.

"Achia tena. Simama."

Hatua moja, mawe. Hatua moja, mawe. Nilikuwa ninasikia kokoto zinaanguka shimoni na zinachukua muda mrefu kufika chini. Nilisali kwa sauti sala zote za mapadri. Ninaandika hivi kwa sababu Mama Kahindo atakuwa amekwisha kueleza Kanyabayonga yote. Mara moja freni haikushika. Kamiyo ikaenda yenyewe, nikafikiri kwaheri, kisha ikagonga kitu ikasimama. Ilikuwa kale ya Rukara. Alikuwa ameisukuma kwa mikono miwili na kifua.

"Sogea kulia, boss," akasema. Miaka tisa, sikuwahi kumusikia akiniambia sogea.

Hatua mia mbili zilichukua muda kama kutoka Goma mpaka Rutshuru. Tulipofika penye upana, Kasereka akapitisha viazi vyake, akasimama karibu na dirisha langu.

"Sasa panda, hakuna mwingine anayeshuka leo. Na ukifika kwa wakwe, acha kamiyo mbali. Ingia kwa miguu."

Nikasema aksanti. Ushauri ule niliuacha pale pale njiani.

Kanyabayonga mpaka Butembo

Ukungu, baridi, matope mekundu. Mama Kahindo alishuka Kanyabayonga, akanipa samaki wawili bila kunitazama.

"Kwa wakwe unaingia na nini mukononi?"

"Ninaingia na kamiyo."

"Kamiyo si kitu cha mukononi," akasema, akaenda na mifuko yake.

Siku ya posho tulikwama mara mbili kabla ya Lubero. Mara ya kwanza watu walitutoa kwa majembe, mara ya pili walitaka kwanza tuwaeleze kwa nini hatujaribu kurudi nyuma. Sitaeleza tena.

Butembo, kwa Kambale

Tulifika jioni ya siku ile ile, jua halijazama. Nyumba ya Kambale iko mwisho wa kinjia chembamba, ua wa miti pande zote mbili, hakuna pa kugeuzia hata kinga. Mutu mwenye akili angeiacha kamiyo barabarani. Lakini mimi nilitaka waione. Nilitaka Furaha aione kabla ya kuniona mimi. Nikaingia nayo, nikipiga honi, mpaka pua ya kamiyo ikasimama hatua tatu kutoka mulangoni, katikati ya mbao za useremala na vyungu vya karamu ya kesho.

Wanawake walinyanyuka. Mumoja akamunyakua mutoto kutoka kwenye mukeka, wakaingia ndani wote, mulango ukafungwa. Nilisikia komeo. Wanaume sita, saba, wakatoka nyuma ya nyumba. Hakuna aliyenipa mukono.

Kambale akasogea. Amekonda, mavumbi ya mbao kwenye ndevu.

"Karibu, Papa. Lakini tunakuomba, rudisha kamiyo barabarani. Kisha tutazungumza."

"Hairudi," nikasema.

Nilisema kwa mazoea, kama nilivyosema njia nzima. Nikaona uso wake unafunga. Baba mudogo wake, Muzee Muhindo, ambaye ndiye aliyeleta zile mbuzi Goma, akatikisa kichwa taratibu.

"Tulijua," akasema. "Haukupokea mahari makusudi. Ulingoja azae. Sasa umekuja na kamiyo kuchukua mutoto, siku moja kabla hajapata ubatizo kwa jina letu."

Nikaitazama kamiyo pale ilipo, pua mulangoni, moteri bado inanguruma. Hata mimi ningefikiri hivyo. Nikazima moteri. Nikafungua mudomo kueleza habari ya sanduku la vitesi, na sauti ya Furaha ikatoka nyuma ya mulango. Miaka miwili sikuwa nimeisikia.

"Papa, umekuja kufanya nini?"

"Mwanangu, nimetoka Goma siku ya ine. Bariyeri ilitufunga nusu siku, Kabasha tulikaribia kuanguka, Lubero matope..."

"Sikuuliza njia."

Watu wote walikuwa wananitazama. Rukara alikuwa amekwisha kushuka na kuweka kale nyuma ya tairi, ingawa pale ni uwanja tambarare. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

"Nimekuja kuomba zile mbuzi," nikasema.

"Mbuzi gani?" akauliza Muzee Muhindo.

"Zile kumi na mbili. Nilikosea, muzee. Nilizikataa mbele ya watu, sasa ninaziomba mbele ya watu."

Muzee yule hakufurahi. Nilitazamia atafurahi.

"Mbuzi zinangoja mutu miaka miwili? Zingine tuliuza. Zingine tulikula mutoto alipozaliwa, kwa sababu babu yake mwingine hakuja kula. Imebaki dume moja, na lina kilema."

"Nipe hilo."

"Wewe ni mutu wa ng'ombe."

"Nipe hilo hilo, muzee."

Wakasemezana kwa Kinande kwa muda. Mutu mumoja akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anavuta mbuzi inayochechemea, rangi ya majivu, pembe moja imevunjika. Muzee Muhindo akashika kamba na kuninyooshea, lakini hakuiachia.

"Unajua ukishika hii mutoto si wako tena. Ni wetu, yeye na wadogo zake wote watakaokuja."

"Ninajua."

Nikashika kamba. Nikasema kwa sauti, wa ndani wasikie, kwamba mimi baba ya Furaha nimepokea mahari ya binti yangu, imetimia, sidai kitu. Mbuzi ikaanza kula ukingo wa suruali yangu. Komeo likatoka.

Furaha alikuwa amenenepa kidogo, amefanana na mama yake. Hakukimbia kuja. Alisimama kizingitini na mutoto mikononi, akaitazama kamiyo, akanitazama mimi, akaitazama mbuzi.

"Vitesi haijatengenezwa mpaka leo?" akauliza.

"Bado."

"Kesho wageni watapita wapi?"

Kambale akavua koti. Wanaume wote wakaja mbele ya kamiyo, hata Muzee Muhindo, wakaweka mabega na mikono kwenye pua yake. Nikapanda. Kutoka kwenye usukani niliwaona wote wanaelekea kwangu, mashavu yamebanwa kwenye chuma, mukwe wangu karibu sana hata ningeweza kuhesabu mavumbi kwenye ndevu zake. Nyuma sikuona kitu, kile kioo kilichobaki kilionyesha majani ya ua tu. Furaha akafunga mutoto mugongoni kwa kitenge, akapita pembeni ya kamiyo, akaenda mpaka kinjiani. Rukara akaondoa kale, wanaume wakasukuma, na sauti ya Furaha ikaanza kunifikia kutoka nyuma.

"Kuja, Papa. Kuja. Kata kidogo kushoto. Hapana, kushoto kwako. Hivyo. Kuja. Kuja tu, niko hapa. Sasa simama."

Nikakanyaga freni.